Je, rais aliyeahidi amani huleta amani akishaapishwa?

Wengi huamini kwamba mgombea urais wa Marekani akiahidi amani na akashinda, vita vitakoma au havitaanza. Ni imani inayoeleweka: mzazi mwenye mtoto jeshini hushika neno lolote la matumaini.

Lakini adui naye ana uamuzi wake, na yeye hakupiga kura. Mwaka 1916 Rais Woodrow Wilson alichaguliwa tena kwa kaulimbiu "Ametuepusha na vita." Aprili 1917 Marekani ikaingia Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya nyambizi za Ujerumani kurudia kuzamisha meli bila kubagua. Itazame tena kaulimbiu ile: "ametuepusha" inasimulia yaliyopita. Ya kesho haikuyagusa, wapiga kura ndio waliyaongezea.

Mshindi wa 1968, Richard Nixon, aliahidi kumaliza vita vya Vietnam. Mkataba wa kuvimaliza ulitiwa saini Paris Januari 1973. Kwa vita vya Korea mambo yalikwenda haraka zaidi, ahadi ya mgombea Eisenhower 1952, mapigano yakasimama Julai 1953, ila mazungumzo yalikuwa yameanza tangu 1951.

Ukitaka kuhakiki ahadi, tafuta hotuba nzima, si kipande cha video. Kisha angalia kitenzi: "nitamaliza" au "nitajitahidi"? Soma pia katiba ya Marekani: huko, kutangaza vita na kuidhinisha fedha zake ni kazi ya bunge.