Upasuaji wa Roboti kwa Tezi Dume Iliyokua: Unamfaa Nani?

Tangu habari za upasuaji wa roboti zilipoenea kwenye simu, wapo wazee wa Tabora wanaofika kliniki wakiuliza kama ni kweli kwamba mashine humpasua mgonjwa pasipo daktari. Si kweli, na swali linalopaswa kutangulia ni ukubwa wa tezi pamoja na hali ya kibofu na figo za mgonjwa.

Tezi dume iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kwa kijana huwa na uzito wa takriban gramu 20. Baada ya miaka 40 huanza kukua taratibu, hata ikifika miaka 60 karibu nusu ya wanaume huwa na tezi iliyokua, ingawa si wote wanaosumbuliwa nayo. Ukuaji huu si saratani wala haugeuki kuwa saratani. Hata hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na ndiyo sababu daktari hupima kwa kidole na kuagiza kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume.

Tezi ikiubana mrija, mkojo hukawia kuanza, hutoka kwa unyonge na kukatikakatika, na usiku mtu huamka mara tatu au nne. Wengi hulificha tatizo kwa miaka: mzee anayesafiri kwa treni kwenda Dar es Salaam haonji maji tangu asubuhi, kisha husema hana shida yoyote. Wengine hudhani ni ngiri wakajitibu kwa mizizi. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti, klorofeniramini ikiwamo, zinaweza kuufunga mkojo kabisa kwa mwenye tezi kubwa.

Si kila tezi iliyokua hupasuliwa. Dawa ya tamsulosini hulegeza misuli ya eneo hilo na nafuu huonekana ndani ya siku chache. Nyingine, finasteraidi, huisinyaza tezi, lakini huchukua takriban miezi sita na hushusha PSA karibu kwa nusu, kwa hiyo anayeitumia lazima amweleze daktari kabla majibu hayajasomwa. Dawa zikishindwa, tezi ya wastani hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo, pasipo kuchana tumbo. Ni tezi inayozidi takriban gramu 80 ambayo kwa miaka mingi imetolewa kwa kupasua chini ya kitovu, na hapo ndipo roboti inapoingia.

Daktari huketi kwenye meza ya kuongozea, hatua chache kutoka kwa mgonjwa, akitazama picha iliyokuzwa takriban mara kumi, huku mikono ya mashine ikifuata vidole vyake kupitia matundu madogo yenye upana usiofika sentimeta moja na nusu. Sehemu iliyokua humenywa na kutolewa, ganda la nje likabaki kama la chungwa. Kwa kuwa ganda linabaki, saratani inaweza kuota humo baadaye, hivyo ufuatiliaji hauachwi.

Upasuaji wa aina hii uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Ukilinganishwa na ule wa wazi, damu inayopotea ni kidogo na mgonjwa hukaa wodini siku pungufu, ila nguvu ya mkojo baadaye hukaribiana, na kwa maoni yangu mzee asiuze ng'ombe wake kwa kuamini kwamba bila roboti hatapona. Gharama ni kubwa, usingizi wa dawa huwa kamili, na kichwa huinamishwa chini, jambo lisilowafaa baadhi ya wenye magonjwa ya moyo au mapafu.

Wanaume huona haya kuuliza kuhusu tendo la ndoa. Kwa kawaida nguvu za kiume hazipotei, lakini mara nyingi shahawa hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Haidhuru mwili, ila anayetaka kupata mtoto aseme mapema.

Anayepewa rufaa abebe majibu ya altrasaundi yanayoonyesha ukubwa wa tezi na mkojo unaobaki kibofuni, kipimo cha figo, na majina ya dawa zake zote, hasa aspirini na nyingine za kuzuia damu kuganda. Mkojo ukigoma kabisa, asingoje rufaa wala kliniki: afike siku hiyo hiyo Hospitali ya Kitete hapa Tabora au kituo cha afya kilicho karibu awekewe mpira wa kutolea mkojo.