Neno la Kijerumani likate kutoka mkiani

Nafundisha Kijerumani, na neno linalowaangusha wanafunzi wangu wiki ya kwanza wala si refu. Ni Krankenhaus, hospitali. Mswahili akiona silabi tatu, ulimi unakimbilia ya pili kutoka mwisho: kran-KEN-haus. Mjerumani anabaki kumkodolea macho. Kwao ni KRAN-ken-haus. Mkazo mkuu kwa kawaida hukaa kwenye kipande cha kwanza, hata vipande vikiwa vitano.

Sisi katika "mwanafunzi" tunaanza na mtu, mwana, kisha tunasema ni wa nini, na mkazo unaangukia -fu-. Wao wamegeuza yote mawili: sauti inapanda mwanzoni, kiini cha maana kinakaa mwishoni. Kipande cha mwisho ndicho chenye amri hata juu ya jinsia ya neno, inayoonekana kwenye das au die mbele yake. Das Haus (nyumba) na die Tür (mlango) wakiungana, mlango unashinda: die Haustür, mlango wa nyumba.

Sasa lile la kutisha: Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz. Herufi 63, silabi 20. Ilikuwa sheria halisi ya jimbo la Mecklenburg-Vorpommern, ikapitishwa 1999 na kufutwa 2013. Anza mkiani, urudi nyuma kipande kwa kipande: sheria ya kukabidhi majukumu ya kusimamia uwekaji lebo kwenye nyama ya ng'ombe. Umeona? Kinyumenyume chao ndiyo mpangilio wetu wa kawaida, ila sisi tunalipia "ya" kila kituo.

Pa kukatia mara nyingi utapajua kwa s ya kiungo. Hapo imejitokeza mara tatu, kila mara baada ya kipande kinachoishia -ung. Ni gundi tu. Wanaodai ni alama ya umiliki nawaonyesha Liebesbrief, barua ya mapenzi: Liebe ni neno la kike, na katika hali ya umiliki halichukui s hata kidogo.

Bado sikio lina kazi. Staubecken ni bwawa la kukinga maji (Stau-becken) au pembe zenye vumbi (Staub-ecken). Mkazo ni uleule, silabi ya kwanza. Tofauti iko kwenye kiungo: katika vumbi, b inafunga silabi, kwa hiyo inakuwa p, "shtaup", kisha koo linajibana kidogo kabla ya e. Kwenye bwawa, b inafungua silabi na inabaki b laini.

Kuhusu Jahrhundert, karne, ambayo mkazo wake uko kwenye hun: hiyo huwa naificha mpaka wiki ya sita.