Kuichoma chipu si kuitengeneza

Hapa Kampala wengi wanaamini kwamba laptopu ikianza kuonyesha mistari ya rangi, dawa ni fundi kuipulizia chipu ya picha (ile inayochora kinachoonekana kwenye skrini) hewa ya moto ili lehemu iyeyuke na kushika upya. Mashine huwaka kweli. Mteja analipa, anaondoka akishukuru. Wiki chache baadaye, mistari ile ile.

Lehemu isiyo na madini ya risasi huyeyuka karibu nyuzi 217 za Selsiasi, na mpulizo wa haraka huenda usifike huko. Tena ufa mara nyingi hauko chini ya chipu bali ndani yake, kwenye vinundu vidogo mno vinavyounganisha silikoni, yaani kipande chenyewe cha saketi, na kibao chake. Joto huvifanya viguse tena kwa muda. Vikipoa na kupata moto mara kwa mara, vinaachana.

Ndugu yangu, kama waranti imekwisha, usilipie moto. Kwanza unganisha skrini ya nje: picha ikiwa safi, huenda kilichoharibika ni kebo au skrini tu. Kama laptopu ina chipu mbili za picha, muulize fundi iwapo ile kubwa inaweza kuzimwa, ubaki na iliyo ndani ya prosesa. Ikishindikana, dai chipu mpya, si iliyochomwa.