Je, kuuza tiketi yako ya tamasha ni jinai?

Wengi Nairobi huamini kwamba ukimuuzia mwenzako tiketi uliyonunua, umetenda jinai. Imani hiyo inaeleweka, kwani mambo mawili huchanganywa.

Tiketi ni mkataba kati yako na mwandaaji. Ikiandikwa kwamba haihamishiki nawe ukaiuza, anaweza kuifuta na mnunuzi akarudishwa langoni. Kwa kawaida huko ni kuvunja masharti tu.

Jinai ni udanganyifu. Mtu huuza picha ya msimbo mmoja, ile alama ya tiketi inayosomwa na mashine langoni, kwa watu watano. Mashine huukubali mara moja tu, wa kwanza anaingia, wanne wanabaki nje ya uwanja wa Kasarani na pesa zimeenda. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, huadhibu kujipatia mali kwa hila: hadi miaka 3 jela. Kisome mwenyewe, sheria za Kenya ziko mtandaoni bure.

Kabla ya kulipa, soma masharti, mara nyingi yako chini kabisa ya tiketi. Kisha mwombe muuzaji aihamishe kwenye mfumo wenyewe wa tiketi, msimbo mpya uje kwa simu yako. Ujumbe wake wa M-Pesa huonyesha kwamba alilipa. Hauonyeshi kama ameshamuuzia mwingine.