Gesi halisi na gesi kamilifu: kwa nini gesi ya kupikia huuzwa kwa kilo

Gesi kamilifu ni gesi ya kufikirika ambayo molekuli zake hazichukui nafasi yoyote wala hazivutani hata kidogo, na kwa sababu hiyo hutii daima kanuni inayofundishwa sekondari, PV = nRT: kanieneo (presha) ikizidishwa kwa ujazo ni sawa na idadi ya moli (kipimo cha wingi wa molekuli) ikizidishwa kwa halijoto na kwa namba isiyobadilika R. Gesi halisi ni hizi tulizo nazo, kama oksijeni, hidrojeni na hewa ukaa, na hakuna hata moja kati yake iliyo kamilifu. Hata hivyo, katika hali ya kawaida tofauti ni ndogo sana. Katika nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa moja, moli moja ya gesi kamilifu huchukua lita 22.41, na ya hewa ukaa takriban lita 22.26.

Tofauti hukua gesi inapobanwa au kupozwa, na sababu zake ni mbili zinazopingana. Kwanza, molekuli zina ukubwa wake, hivyo nafasi ya kuzunguka ni ndogo kuliko ujazo wa chombo, jambo linalopandisha kanieneo. Pili, molekuli huvutana zinapokaribiana, na ile inayoelekea ukutani huvutwa nyuma na wenzake na kugonga kwa nguvu pungufu, jambo linaloshusha kanieneo. Mholanzi Johannes van der Waals aliyaingiza yote mawili katika kanuni moja kwenye tasnifu yake ya mwaka 1873 katika Chuo Kikuu cha Leiden, akitumia namba mbili, a kwa mvutano na b kwa ukubwa wa molekuli, ambazo kila gesi ina zake.

Hapa inafaa kutulia na kupiga hesabu, kwa kuwa maneno peke yake hayaonyeshi uzito wa jambo. Tuchukue moli moja ya hewa ukaa, ambayo ni gramu 44, tuitie katika chombo cha nusu lita chenye halijoto ya kelvini 300, yaani nyuzi 27. Kanuni ya gesi kamilifu inatoa kanieneo ya baa 50 hivi (baa moja ni karibu sawa na kanieneo ya angahewa moja). Tukiondoa nafasi iliyokaliwa na molekuli zenyewe, jibu linapanda hadi karibu baa 54.5, tukiondoa pia athari ya mvutano, ambayo ni baa 14.6, tunabaki na takriban baa 40. Kosa la namna hiyo mhandisi hawezi kulifumbia macho. Kwa hidrojeni na heliamu, ambazo molekuli zake huvutana kwa udhaifu mno, ukubwa ndio unaoshinda katika halijoto ya kawaida, na kanieneo huzidi ile ya gesi kamilifu.

Mvutano huo una tokeo kubwa zaidi: ndio unaoiwezesha gesi kuwa kimiminika, jambo ambalo gesi kamilifu haiwezi kamwe. Lakini upo mpaka. Katika miaka ya 1860, Thomas Andrews wa Belfast alionyesha kwamba hewa ukaa yenye joto la kuzidi nyuzi 31 hivi haigeuki kimiminika hata ibanwe vipi. Kwa oksijeni mpaka huo uko karibu na nyuzi 118 chini ya sifuri. Kwa propani, mojawapo ya gesi za kupikia, uko karibu na nyuzi 97 juu ya sifuri.

Kwa hiyo oksijeni ndani ya mtungi wa hospitali hubaki gesi, na geji yake hushuka kadiri inavyotumika, hata muuguzi akaweza kukadiria kiasi kilichobaki. Mtungi wa jikoni ni tofauti, kwa sababu ndani yake mna kimiminika, na kila mvuke unapotoka kingine huchemka na kuziba pengo. Kanieneo hutegemea zaidi halijoto kuliko kiasi kilichomo, na karibu haibadiliki mpaka kimiminika kinapoelekea kwisha. Kwa hiyo geji haisemi lolote la maana kuhusu kilichobaki, na muuzaji hutumia mizani. Mtungi wa kuzimia moto wa hewa ukaa nao kwa kawaida hauwekwi geji, bali mkaguzi huupima uzito na kulinganisha na ule ulioandikwa juu yake.