Pleya ndogo ya muziki: vitufe na kadi kwanza, sauti baadaye

Wanunuzi wengi wa pleya ndogo huulizia sauti kwanza. Mimi huanza na vitufe. Pleya inakaa mfukoni, na huko huoni kioo chake, kwa hiyo kuruka wimbo na kupunguza sauti kuwezekane kwa kupapasa tu. Iwe pia na swichi ya kufunga vitufe, la sivyo itabonyezwa na funguo na kumaliza chaji bila wewe kujua.

Sauti yenyewe si tatizo kubwa tena. Hata chipu za bei nafuu hutoa muziki safi. Kinachokera ni mvumo. Chomeka hedifoni zako mwenyewe, cheza wimbo wa taratibu, punguza sauti mpaka karibu na mwisho, kisha sikiliza kama kuna "shhh" nyuma ya muziki. Hedifoni za kuingia sikioni, za omu 16 hivi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), huufichua mara moja. Zile kubwa za omu 250 zina shida ya upande wa pili: pleya ndogo haina nguvu ya kuzisukuma.

Malalamiko mengi kwamba pleya imeharibika chanzo chake ni kadi ya kumbukumbu inayobeba nyimbo. Kadi za hadi GB 32 kwa kawaida huja na FAT32, mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi. Kuanzia GB 64 huja na exFAT, na pleya nyingi ndogo haziusomi. Kadi nzima, pleya nzima, lakini kioo kinasema hakuna kadi. Ifomati upya kwa FAT32, na mara nyingi itasomeka. Jihadhari pia na kadi bandia, zinazojitangaza kuwa na GB 64 kumbe zina 8: nyimbo za mwanzo zinacheza vizuri, za baadaye zinakwaruza au hazifunguki. Kabla ya kuiamini kadi mpya, ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi huijaza kadi yote kisha husoma tena kila kilichoandikwa.

MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu MB 1 kwa dakika. Ya 320, MB 2.4. Wimbo wa dakika nne kwa 320 ni karibu MB 10, hivyo GB 32 hubeba nyimbo kama 3,000. Naona hiyo inatosha kwa matembezi. FLAC, yaani mafaili makubwa ya muziki usiokatwa chochote, zibaki kwenye kompyuta. Usigeuze faili la 128 kuwa 320, maana kilichokwisha kukatwa hakirudi, unaongeza uzito tu.

Halafu kuna ule usumbufu wa albamu kuchezwa shaghalabaghala. Pleya nyingi rahisi hazipangi majina. Zinafuata mfuatano ambao mafaili yaliandikwa kwenye kadi, na ukiburuta nyimbo 12 kwa pamoja kompyuta inaweza kuanza na ile uliyoishika, tuseme ya saba. Yape mafaili majina yanayoanza na 01, 02, 03 (ukiandika 1, 2, 3 tu, 10 itatangulia 2), futa folda yote kwenye kadi, kisha nakili upya ukianza na wimbo wa kwanza. Kwa kadi iliyojaa, programu ya fatsort hupanga upya bila kunakili chochote.

Pleya nyingine hufuata lebo za ndani ya faili, yaani maelezo kama jina na namba ya wimbo. Lebo hizo zijazie namba za nyimbo na uzihifadhi kwa muundo wa ID3v2.3, kwani toleo la 2.4 huzishinda pleya nyingi za zamani. Picha ya jalada isizidi pikseli 500 kila upande, na iwe JPEG ya kawaida, si ile inayojifungua hatua kwa hatua (progressive). Nyimbo hewa zenye majina yanayoanza na "._" zimeachwa na Mac, zifute tu.

Betri ya lithiamu huuawa na kukaa tupu. Kama huitumii pleya, iache na nusu ya chaji na uiongezee kila baada ya miezi michache. Ikivimba, acha kuichaji na usiitoboe.

Upande mmoja wa hedifoni ukinyamaza, jaribu kwanza hedifoni nyingine. Tatizo likibaki, zima pleya, utoe nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa ndani ya tundu kwa kijiti cha meno cha mti. Usitumie sindano, kwani inakunja viguso.