Chupa saba za chai: zawadi za Desemba bila kukausha damu

Nyumbani kwetu Marangu kuna kabati la vioo, na juu yake zimepangwa chupa saba za chai. Mama anatumia moja. Nyingine ni zawadi za Krismasi, kila moja imeletwa na mtoto wake Desemba fulani akitokea Dar, Mwanza au Arusha, bila kumuuliza ndugu yake anabeba nini. Moja niliileta mimi. Miaka hiyohiyo gata la kukinga maji ya mvua upande wa jikoni lilikuwa limeoza, na mama alikuwa akishuka na ndoo hadi kwenye mfongo, mfereji wa maji wa kijiji. Hela ya chupa mbili tu ingetosha kununua gata jipya.

Kazi yangu ni kufundisha elimu ya fedha kwa wanachama wa SACCOS na VICOBA, yaani vyama na vikundi vya kuweka na kukopa, na wa vyama vya msingi vya ushirika hapa Moshi. Kila Januari tunapokea watu wenye deni la sikukuu. Si walevi, si wafujaji. Wengi ni watu wenye kazi zao, waliotaka kuingia kwao na heshima, na sasa sare na madaftari ya mtoto yamewashinda. Ada imefutwa shule za msingi na sekondari za serikali, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi, na shule zinafunguliwa siku chache tu baada ya mwaka mpya.

Kwetu Kilimanjaro jambo hili lina uzito wake, kwa sababu Desemba ukoo mzima unapanda mlimani. Kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kinakutanisha mwenye gari jipya, mwalimu anayesubiri mshahara, mgumu, yaani mbeba mizigo ya watalii, aliyeshuka mlimani jana na bahashishi yake mfukoni, na ndugu aliyebaki kulinda migomba na mikahawa michache ya babu. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa Tanzania Bara umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Ni hatua, lakini asilimia hiyo haisemi aliye juu na aliye chini wameachana kiasi gani. Hilo utaliona tarehe 25 mchana, ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, ikiwa mezani, mmoja anapofungua buti la gari na mwingine anaingia na kilo mbili za sukari kwenye mfuko mweusi, akiziweka haraka jikoni asionekane.

Huyo wa mfuko mweusi ndiye mwaka unaofuata anakwenda kukopa.

Mikopo anayoifikia upesi ndiyo ile ya riba kubwa, ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Tupige hesabu ya mfano. Umekopa shilingi 200,000 mapema Desemba kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi unaweza kulipa riba tu, yaani 40,000. Januari, Februari, Machi, Aprili: umeshatoa 160,000, na laki mbili ya watu iko palepale. Khanga uliyompa shangazi imeshaanza kupauka. Kwa upande mwingine, ukiweka 5,000 kila wiki kwenye kikundi kuanzia Machi mosi, katikati ya Desemba una zaidi ya laki mbili, na ni yako.

Kukopesha kuna sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kabla ya kubonyeza kukubali, mwombe mkopeshaji akuonyeshe leseni na akuambie kwa shilingi, si kwa asilimia, utarudisha kiasi gani kwa jumla. Programu inayotaka kusoma majina yote kwenye simu yako iache. Wapo waliochelewa kulipa, na ujumbe wa kuwadhalilisha ukamfikia hadi baba mkwe.

Lakini nisiishie kwenye deni, maana deni ni dalili. Kinachotusumbua ni kila mtu kutoa peke yake mbele ya macho ya wote.

Wazee wetu walikutana na shida ya namna hii kwenye kahawa. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilipoanzishwa mwaka 1933, mkulima wa gunia moja na mkulima wa magunia ishirini walipeleka mzigo chama kilekile, na kilo ya daraja moja ikalipwa bei moja. Mdogo hakwenda sokoni peke yake kupimwa kwa udogo wake. Mimi naamini zawadi za ukoo zinaweza kwenda hivyohivyo, na nyumbani kwetu tumelifanya. Tulimchagua mdogo wetu wa kike kuwa mweka hazina, kwa sababu anajua kutunza siri. Kila mtu alimtumia alichonacho, na yeye peke yake ndiye aliyejua nani katuma elfu kumi na nani katuma laki. Ndugu aliyebaki nyumbani, ambaye hakuwa na fedha, ndiye aliyetuambia nini kinahitajika, alitafuta fundi na kusimamia kazi. Gata likabadilishwa, likaletwa na pipa. Mama alipoambiwa, aliambiwa ni zawadi ya watoto wake wote.

Mmoja wetu, mwenye uwezo kuliko sisi, alisita. Aliniuliza, "Sasa kaka, mama atajuaje kwamba mimi nimetoa zaidi?" Swali hilo halikumtia aibu, na mimi sikulidharau, anayetoa naye anapenda kuonekana. Nilimwambia akitaka kumpa mama kitu cha peke yake, ampe chumbani, wakiwa wawili. Waswahili walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo hauhitaji kufunguliwa buti la gari uani.

Watoto ndio ninaowaonea uchungu zaidi. Mtoto wa mjini anashuka na tableti na viatu vyenye taa, binamu zake kumi wamesimama wanatazama. Akipewa mmoja zawadi kubwa mbele ya kumi, tumewafundisha kumi somo ambalo hatukukusudia. Wape wote kitu kimoja, hata kikiwa kidogo: kila mtoto kaunta buku mbili na kalamu, au kila mtoto soksi na viatu vya shule. Soko la Memorial lina viatu vizuri vya mtumba, ila nenda mwanzoni mwa Desemba kabla bei hazijapanda. Khanga nayo inagawanyika: doti ina vipande viwili, na mama mkubwa na mama mdogo wakipewa kipande kimoja kimoja cha maneno yaleyale, wataivaa siku moja kanisani.

Wanavikundi mnaogawana akiba Desemba, tenganisheni mgao siku hiyohiyo, kabla hamjatoka kwenye mkutano. Bahasha ya kwanza ni ya shule ya Januari, ya pili nauli ya kwenda na kurudi, ya tatu ndiyo sikukuu. Wengi huanza na ya tatu. Ikiwa bahasha ya sikukuu ni nyembamba, sema mapema kwenye kundi la familia: "Mwaka huu nakuja na mikono yangu."

Na mikono ina kazi. Vihamba vingi vina mikahawa iliyozeeka, inayoshambuliwa na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani, na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wametoa aina zinazostahimili magonjwa hayo. Mche hupandwa mvua za masika zikishika, kwa kawaida Machi, lakini shimo linatakiwa lichimbwe miezi kadhaa kabla: sentimita 60 kwenda chini, 60 upana kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na kurudishwa. Mzee wa miaka 70 hawezi kuchimba mashimo ishirini. Vijana sita waliokuja kula sikukuu wanayamaliza asubuhi ya tarehe 27, kabla jua halijakuwa kali, na miche yenyewe inaweza kulipiwa kutoka kapu la ukoo mwezi wa pili.